Dola za California au mshahara wa Kololo: umeme ukizima, hasara ni ya nani?

Mdogo wangu mmoja amemaliza Makerere mwaka jana, ni developa, sa hizi ana ofa mbili mkononi na kila jioni ananisumbua nimwambie achukue ipi. Moja ni ofisi Kololo, hapa Kampala, shilingi milioni 2.5 za Uganda kwa mwezi, kompyuta yao, lanchi yao. Nyingine ni watu wa California, kandarasi tu, dola 1,200, afanyie kazi chumbani kwake Kyaliwajjala. Ukipiga hesabu ya haraka hiyo ya pili inakaribia mara mbili, basi mjadala umeisha, ama?

Haujaisha. Mi nimefanya zote mbili na dola bado naipenda, lakini watu wanapima mshahara na mshahara wakasahau kuuliza umeme ukizima hasara anakula nani.

Kololo ukizima, jenereta inanguruma na we unaendelea kulalamika chai haina sukari. Nyumbani ni wewe na Yaka yako, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inverta uliyonunua kwa jasho lako, na bando za mitandao miwili maana mmoja lazima ukuangushe katikati ya kikao. Na hiyo bando ina ushuru wa 12% tangu Julai 2021 walipoondoa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku (mnaikumbuka, ile tuliyoikimbia na VPN mpaka VPN yenyewe ikatumalizia bando). Halafu NSSF, akiba ya uzeeni, mwajiri wa hapa anakuwekea 10% juu ya mshahara, we unakatwa 5%. California hawaijui hata jina. URA, watu wa kodi, nao usidhani hawakuoni, ritani utajaza mwenyewe kabla ya 31 Desemba.

Masaa sasa. Wale wa California wako nyuma yetu masaa 10, kwenye baridi yao 11, kwa hiyo kikao chao cha saa nne asubuhi kwako ni saa mbili usiku, ikifika Novemba kinasogea saa tatu. Nilikuwa nalala saa nane usiku, saa tano asubuhi ndo natoka na kandambili kununua rolex (chapati ya mayai, si saa), na mama mwenye nyumba, Mnubi wa Bombo, ananitazama tu. Siku moja akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, kodi unalipa vizuri, sikatai, lakini unafanya kazi gani wewe? Polisi wasije wakanijia hapa." Nikamwonyesha skrini. Akaikodolea ile mistari weee, akasema, "Haya. Bora huibi watu."

Ila Kololo nako msikupambe. Unatoka saa kumi na mbili, jam ya Kireka, jam ya Banda, Nakawa ndo usiseme, unafika umeshachoka, na boda ukipanda kila siku nauli inautafuna huo mshahara, mvua ikinyesha ndo balaa. Na kuna maofisi we developa utaitwa kutengeneza printa ya bosi kwa sababu "si uko IT?", wala hakuna anayepitia ulichoandika. Wale wa nje kila mstari wangu waliuchambua bila huruma, miezi sita nikajifunza kuliko miaka miwili ya ofisini. Hapo dola inashinda kabisa, sibishi.

Kinachonizuia kumwambia "chukua" moja kwa moja ni Januari 2021. Intaneti ilizimwa 13 Januari, kesho yake ni uchaguzi, ikarudi 18, na mimi nina kazi ya kukabidhi katikati hapo. Nikapanda taksi mpaka Busia, mpakani na Kenya, nikakaa kwenye kibanda cha chai upande wetu huu huu, laini ya Kenya inashika vizuri pale, nikatuma kila kitu. Mteja akashukuru sana. Mwezi uliofuata hakuongeza mkataba, eti anatafuta mtu anayepatikana muda wote. Rafiki yangu wa Kololo alikaa nyumbani siku zote hizo anacheza ludo na mshahara wake ukaingia kama kawaida.

Nikamwambia dogo, waombe vitu viwili: wakitaka kukuacha wakupe taarifa ya mwezi mzima, na walipie betri. Jana usiku akanijibu. Taarifa wamekubali wiki mbili, betri wamekataa.

Sa hizi anaulizia bei za inverta.