Halmashauri ipewe rungu juu ya nyumba za watu wazima wenye ulemavu?

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika hadi Bunju, zipo nyumba za kupanga zisizo na kibao chochote ambamo watu wazima wachache wenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo wanaishi pamoja na msaidizi mmoja au wawili. Nyingine zimeanzishwa na kanisa, nyingine na mama aliyeanza na mwanawe akajikuta anapokea na wa wenzake. Majirani huziita "kituo", basi. Swali ni nani mwenye haki ya kugonga mlango huo na kuuliza wanaoishi humo wanalala wapi, wanakula nini, na kama wanapenda kuwa hapo.

Kwa mtoto jibu linajulikana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na Kamishna wa Ustawi wa Jamii anahusika moja kwa moja. Mtoto yule akifikisha miaka 18 anabaki kwenye kitanda kile kile, akisaidiwa kuoga na mtu yule yule, lakini ameshatoka kwenye sheria hiyo. Kinachomfunika sasa ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inayozipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika maeneo yao. Wajibu huo ni mpana, na mpana mno huishia kuwa wa kila mtu. Nyumba yenyewe inaweza kuwa imesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, kama taasisi ya dini, au kama kampuni, na msajili wa aina yoyote kati ya hizo anaangalia katiba na hesabu. Vitanda havimhusu. Huko juu nako, masuala ya ulemavu yamekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ustawi wa jamii una wizara yake, na halmashauri zenyewe zinaripoti TAMISEMI.

Wanaotaka halmashauri ikabidhiwe kazi hii wana hoja nzito: ukaribu. Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina maafisa ustawi wa jamii, na chini yao kuna mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa anayejua nani kahamia wapi. Mkaguzi wa taifa hawezi kuwa na macho hayo. Uingereza walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC iliwaonyesha wafanyakazi wa Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa wenye ulemavu wa akili, ilhali muuguzi mmoja alikwisha kumtaarifu mkaguzi wa kitaifa na hakuna kilichofanyika. Mwaka 2023 Bunge lao likapitisha sheria inayoziongezea halmashauri za England nguvu juu ya nyumba za makazi yenye msaada, zikiwamo leseni, baada ya kubainika kuwa baadhi ya wenye nyumba walikuwa wakivuna ruzuku ya pango bila kutoa msaada wowote.

Lakini hapo ndipo wanaotaka tuige wanapokwenda haraka. Kule, fedha nyingi zinazoendesha nyumba hizo ni za umma, kwa hiyo anayekagua ana fimbo: akiona uozo, malipo yanaweza kukatwa. Hapa halmashauri hailipi hata gunia la unga. Fimbo pekee iliyobaki mkononi mwake ni kufunga. Na ukishafunga, watu kumi unawapeleka wapi? Makazi ya Nunge kule Kigamboni ni ya wazee na wasiojiweza, hayakujengwa kwa kazi hiyo. Wengi watarudishwa kwa ndugu walioshindwa nao tangu mwanzo, na baadhi ya ndugu hao wana chumba cha uani chenye kitasa cha nje.

Wenye vituo wanaongeza la kwao: leseni maana yake ada. Leo anakuja bwana afya, kesho zimamoto, keshokutwa mtu wa mapato, na nyumba inaishi kwa michango ya mchele. Malalamiko haya yana ukweli, ingawa nimeona yakitumiwa pia na watu wasiotaka kuonwa na yeyote.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Afisa ustawi akiletewa na polisi kijana mwenye ulemavu wa akili aliyeokotwa stendi ya Mbagala Rangi Tatu, hana pa kumlaza. Anampigia simu mama wa kituo, anamwomba, anamshukuru. Mwezi ujao afisa huyo huyo ndiye aende kumkagua mama yule. Atakuwa mkali kiasi gani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka huduma hizi zifuatiliwe na vyombo huru. Ofisi inayomtegemea mkaguliwa haijafika hapo.

Tena ukaguzi wa karatasi unaweza kupitisha kitu kibaya. Chukua geti lenye kufuli mchana kutwa. Msaidizi atakwambia nje kuna bodaboda, na mmoja wa wakazi ana kifafa. Mkaguzi anaandika: usalama, vizuri. Mkazi wa miaka 27 anayetaka kufika gengeni kununua vocha, na aliyenyimwa ruhusa kwa miaka, angeandika jingine kabisa, kama angeulizwa, na kama angeulizwa msaidizi akiwa hayupo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ndiyo, halmashauri ifanye, ila isianze na leseni. Ianze na orodha, bure, ikusanywe na watendaji wa mitaa. Zifuate ziara zisizotangazwa, na ndani ya timu awepo mtu mwenye ulemavu asiye mwajiriwa wa halmashauri, kutoka vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, au kamati za watu wenye ulemavu za mtaa na kata. Wakazi wazungumze faragha, mkalimani wa lugha ya alama awepo pale anapohitajika. Amri ya kufunga isitolewe bila kutaja kila mkazi anahamia wapi, isipokuwa maisha yako hatarini siku hiyo.

Fedha? Wapo wanaotamani kumega ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo. Sikubaliani nao. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na walengwa wake wana mitaji ya kutafuta. Ziara hizi zinahitaji fungu lake kwenye bajeti ya ustawi wa jamii, likiwamo la usafiri: kutoka katikati ya jiji hadi Chanika na kurudi ni nusu siku ya kazi, na afisa asiye na nauli atakagua kwa simu.