Kuku Aliyeoga Mara Mbili

Kuku wa kwanza niliyemwokoa hakuwa anaumwa. Nalisema mapema kabla jirani yangu hajalisema yeye, maana analisimulia vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa na kuku wanane: matetea sita, jogoo mmoja mwenye sauti kubwa na akili ndogo, na kuku wa nyama mmoja mzito aliyeponea chupuchupu kuliwa baada ya watoto kumpa jina la Bonge. Banda nililijenga kwa mikono yangu, nikajivunia kwamba hata panya hapenyi. Na kweli hakupenya. Hata upepo haukupenya. Bati juu, mbao pande zote, na tundu moja la hewa lenye ukubwa wa kiganja. Ukifungua mlango saa saba mchana, joto linakupiga usoni kama umefunua chungu. Mimi nililiita banda imara.

Siku moja ya jua kali nikamkuta tetea mwekundu amelala ubavu vumbini. Bawa moja kalitandaza, mguu kaunyoosha nyuma, jicho kalifumba, shingo kaitupa kama nguo iliyodondoka kambani. Nilishasikia kwamba joto linaua kuku. Sikuuliza. Nilimkwapua, nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji mpaka kifuani.

Yowe alilolitoa liliamsha mtaa mzima. Jogoo akaja mbio kunidonoa shavu la mguu, nami nikakimbia ndani na mgonjwa wangu kwenye taulo, nikatafuta kipimajoto cha watoto, nikakibana chini ya bawa. 41! Mtu akifika 41 hata foleni ya hospitali hapangi.

"Kuku anatuaga," nikamwambia mke wangu.

Mke wangu akamtazama kuku, kuku akamtazama mke wangu, kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Jirani, mama mtu mzima aliyefuga kuku tangu mimi sijazaliwa, alikuwa ameegemea ua muda wote huo. "Mwanangu," akasema nilipomtoa kuku nje, "huyo alikuwa anaoga."

"Anaoga nini, mama?"

"Vumbi. Ndivyo wanavyojitoa chawa na utitiri. Sasa wewe umemkatiza, ukamwogesha upya. Na hiyo 41 ndiyo afya yake. Angekuwa na 37 kama wewe, saa hizi tungekuwa tunachimba shimo."

Sikuwa na la kujibu, nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, akaingia ndani. Nikamsikia anacheka mpaka anakohoa.

Siku tatu baadaye joto lilizidi, na hewa ikawa nzito, haisogei. Saa nane mchana nikawakuta kuku wote wamejipanga kando ya banda, midomo wazi, wanatweta mpaka makoo yanachezacheza, mabawa wameyatenga na mwili kama watu waliovaa makoti ya kubana kwapa. Safari hii nilikuwa mtaalamu. Sikushika ndoo. Nilimwita mke wangu aje aone kuku wanavyocheka. Nikawapiga na picha.

"Mbona huyu hacheki?" akauliza.

Alikuwa anamwonyesha Bonge. Kilemba chake, chekundu siku zote, kilikuwa kimepauka. Nyuma yake kulikuwa na kinyesi cha majimaji matupu. Alijaribu kupiga hatua, akayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo, akaketi, shingo ikalegea.

Kuku hana tezi za jasho. Njia zake za kupoa ni kutweta, kutenga mabawa, na kupeleka damu kwenye kilemba na miguu isiyo na manyoya. Kwa hiyo wale niliokuwa nawapiga picha walikuwa wanapigania maisha yao, na mimi nawaambia wasogee kidogo kushoto.

Sufuria yao ya maji nilikuwa nimeiweka juani. Nilipotia kidole nikakitoa upesi: ungeweza kulowekea majani ya chai. Na adhuhuri ile ile, kwa huruma, nilikuwa nimewashibisha mahindi, nisijue kwamba tumbo linaposaga chakula linaongeza joto lingine mwilini. Bonge, kwa uzito wake na hamu yake, alikula fungu la watatu.

Nikakimbilia friji, nikatoka na bakuli la barafu.

"Weka chini!" Sauti ilitoka uani. "Baridi ya ghafla itamshtua. Mishipa ya ngozi itajibana, joto libaki ndani. Maji ya bomba yanatosha!"

Nikachukua kikombe nimnyweshe kwa nguvu.

"Na hicho kikombe! Yataingia kwenye mapafu! Mchovye ncha ya mdomo, anywe mwenyewe!"

Nikamtia Bonge kwenye beseni, kivulini.

"Kichwa usimzamishe!"

Sasa nikawa roboti wa jirani. Miguu na tumbo ndani ya maji. Maji chini ya mabawa mpaka yafike kwenye ngozi, kwa sababu manyoya ni blanketi. Kitambaa chenye maji juu ya kilemba. Binti yangu wa miaka saba alisimama pembeni akifuatilia kila hatua, uso mkavu kama mkaguzi. Kisha tukaleta feni ya sebuleni. Wengine tuliwawekea maji ya baridi kiasi katika vyombo vitatu chini ya mti, tukalowesha na ardhi. Bati nililimwagia maji, likalia tsss, ndipo nikaelewa nilikuwa nimewajengea kikaango.

Baada ya muda Bonge alifunga mdomo, akatikisa manyoya, akanirushia maji yote machoni.

Kesho yake nilibomoa mbao za pande mbili nikaweka wavu, na chakula nikakihamishia alfajiri na jioni. Mayai ya wiki ile yalitoka na maganda membamba. Kabla ya kuyashika unaomba radhi. Jirani alisema ni yale matweto: kuku anapopumua vile anapoteza kaboni dayoksaidi nyingi, damu inabadilika, ganda linakosa cha kujengewa.

Aliyefaidika ni Bonge. Ikifika saa saba anakuja mwenyewe mlangoni, anasubiri afunguliwe, anakwenda kusimama mbele ya feni. Watoto wanamwachia nafasi. Jumapili moja nilijilaza kwenye mkeka nyuma yake nipate upepo unaobaki. Usingizi ukanichukua.

Nilizinduka miguu yangu ikiwa ndani ya beseni. Mdogo wake binti yangu alikuwa ananibana kipimajoto kwapani. Binti mwenyewe alikuwa ananikamulia kitambaa kwenye kipara, akiwa makini kabisa.

"Tulia, baba. Ulikuwa mdomo wazi na mabawa nje."

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka uani nikasikia:

"Kichwa msimzamishe!"