Kamera Iliyoketi Mkekani

Tokyo Story, filamu ya mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu ya mwaka 1953, inaanza na mabishano madogo juu ya mto wa kujaza upepo. Mzee Shukichi na mkewe Tomi wako nyumbani Onomichi, mji wa bandari magharibi mwa Japani, wanafunga mizigo kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mto hauonekani. Mume anasema alimkabidhi mke, mke anasema hajapewa. Jirani anapita dirishani, anasalimu, anawasifu kwa kujaliwa watoto waliofanikiwa, anakwenda zake. Baadaye kidogo mzee anauona mto: umo kwenye vitu vyake mwenyewe.

Aliyezoea filamu ambazo bastola ikionekana mwanzoni lazima ilie mwishoni ataukodolea macho mto huo akisubiri ulete jambo. Hauleti. Linaloleta jambo ni dirisha. Dakika 130 baadaye jirani yuleyule atapita tena palepale, na ndani ya chumba atamkuta mtu mmoja.

Ndiyo maana nabishana na kila anayesema filamu za Yasujiro Ozu ni za polepole, hazina kinachotokea. Kinachotokea ni kingi, ila kimewekwa mahali ambapo macho yetu hayakufunzwa kutafuta: kwenye urefu wa kamera, kwenye kitu kilichobaki mezani, kwenye tukio lililorukwa. Na mara nyingi kinachomchosha mtazamaji si Ozu hata kidogo, ni runinga iliyopangwa vibaya na manukuu yaliyopishana na midomo. Nitafika huko.

Tuanze na kamera. Iko chini. Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba iko usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye tatami, ule mkeka mnene wa Kijapani uliojazwa mabua ya mpunga. Si sahihi sana. Mara nyingi iko chini zaidi ya hapo, na haipandi hata watu wakiwa ofisini kwenye viti au wamesimama barabarani. Mpigapicha wake wa miaka mingi, Yuharu Atsuta, alitumia karibu wakati wote lenzi ya milimita 50, ambayo haipanui chumba wala haivuti uso karibu. Matokeo yake ni kwamba milango ya kusukuma, nguzo na dari vinajenga fremu ndani ya fremu, na watu wanakaa humo kama vyombo kabatini. Aliyekulia kwenye nyumba ya mkeka au jamvi ataielewa picha hii bila kufundishwa. Mkiwa mmeketi wote chini, mmoja akiinuka, kila mtu anainua macho. Kusimama kwenyewe ni tukio. Katika Ozu mtu akisimama ghafla, jua kuna neno limemchoma.

Jambo la pili huwatatiza hata wanaojua filamu. Vyuo vya filamu hufundisha kwamba watu wawili wakizungumza, uchore mstari wa kufikirika kati yao na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Hivyo wa kushoto hutazama kulia, wa kulia hutazama kushoto, na mtazamaji hapotei. Ozu anauvuka mstari huo bila kuomba ruhusa, tena anawaelekeza wasemaji karibu kabisa na lenzi. Unaona uso wa baba, halafu uso wa binti, na wote wanaonekana wakitazama upande uleule. Ukijaribu kuchora ramani ya chumba utaumwa kichwa. Acha ramani. Angalia uso umekaa wapi ndani ya fremu, kisha katika shoti inayofuata, yaani kipande cha picha kinachofuata baada ya mkato, angalia uso wa pili umekaa wapi: mara nyingi ni palepale, kwa ukubwa uleule. Alikuwa tayari kuhamisha chupa au kikombe kati ya shoti na shoti ili picha ikae sawa, hata kama hesabu ya meza haikubali. Mwongozaji mwingine angeitwa mzembe kwa hilo.

Halafu kuna zile shoti zisizo na mtu: bomba la moshi la kiwanda, nguo kwenye kamba, korido tupu, mashua bandarini. Huja kati ya tukio na tukio, sekunde chache kila moja, na ndizo za kwanza kurushwa na mwenye haraka. Usizirushe. Wakati mwingine zinakupeleka mahali pengine, wakati mwingine zinakudanganya juu ya mahali ulipo, na mara moja zinabeba kifo. Daktari, ambaye ni mtoto mkubwa wa Tomi, anasema mama huenda asifike asubuhi. Tunaona Onomichi alfajiri, gati na boti. Tunaporudi ndani, amekwisha fariki na wanawe wamemzunguka. Kufa kwenyewe hakukuonyeshwa.

Kuruka ndiko kunakomtofautisha Ozu na wengi. Tomi anapougua njiani akirudi, hatuko naye garimoshini. Tunapata habari kwa mwanawe mwingine, Keizo, akiongea kazini kwake Osaka. Katika Late Spring ya 1949, filamu nzima inahusu kumwoza binti, lakini harusi haipo na bwana harusi hatumwoni hata kisogo. Tunamwona bibi harusi amevaa, kisha baba amerudi nyumbani peke yake anamenya tofaa. Ganda linakatika, mkono unasimama, kichwa kinainama. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ya bi harusi usiku baada ya msafara kuondoka anajua kilichorukwa na kwa nini hakikuhitajika.

Kisa cha Tokyo Story kingeweza kuwekwa ndani ya methali moja ya kwetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, isipokuwa hapa mgeni ni mzazi. Watoto si wakatili. Wana kazi. Shige, binti mwenye saluni, anamgombeza mumewe kwa kuwanunulia wazee keki za bei wakati biskuti za kawaida zingetosha, na mteja anapouliza hao ni nani, anajibu kwamba ni watu anaofahamiana nao kutoka shamba. Kisha ndugu wanachanga pesa kuwapeleka wazazi Atami, mji wa chemchemi za maji moto, kwenye hoteli ya bei nafuu ambako vijana wanapiga kelele na kucheza usiku kucha. Anayewakirimu ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani, mwenye chumba kimoja cha kupanga. Hana hata pombe ya kumpa mkwewe. Anagonga kwa jirani kuazima, na vikombe pia.

Angalia nguo. Telegramu ikifika kwamba mama ni mahututi, Shige anamuuliza kaka yake kama wabebe nguo za msiba. Wanabeba. Noriko habebi. Ozu hasemi chochote juu ya hilo, na wala si rahisi kumhukumu Shige: aliyebeba ndiye aliyekuwa sahihi. Ila baada ya maziko, kwenye chakula, ni Shige huyohuyo anayeomba apewe nguo za mama, akizitaja moja moja. Haruko Sugimura anaicheza sehemu hiyo bila kumpunguzia wala kumwongezea ubaya, na kwangu yeye ndiye mwigizaji bora wa filamu hiyo, ingawa sifa zote hupewa Setsuko Hara aliyecheza Noriko. Na Chishu Ryu, baba mwenyewe, alikuwa na miaka 49 tu alipocheza mzee wa karibu 70.

Sasa runinga. Filamu hizi zilipigwa kwa umbo la karibu na mraba: upana 1.37 kwa kimo 1. Runinga za sasa ni 1.78 kwa 1. Ikipangwa ipasavyo, picha itaacha mistari myeusi kushoto na kulia, na hiyo mistari iache. Anayebonyeza rimoti picha ijae ana hasara mbili za kuchagua. Akiinyoosha kwa upana, kila mtu ananenepa. Akiikuza, anakatwa juu na chini karibu robo ya picha, na kwa kuwa Ozu anapanga vitu vyake chini kabisa ya fremu, vinavyokatwa ni birika, sahani na magoti ya watu walioketi. Kisha zima kile kipengele cha kulainisha mwendo wa picha, ambacho kila kiwanda hukipa jina lake. Filamu ilipigwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Runinga inapobuni fremu za katikati, nyuso zinapata mng'aro wa tamthilia ya mchana.

Manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yana ugonjwa wake. Nakala nyingi zilizopitia runinga za Ulaya huendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 136 inakwisha kwa 130 na nusu. Ukichukua faili la manukuu la nakala ndefu ukaliweka kwenye fupi, mwanzoni yatakubali, katikati yatachelewa, na mwishoni watu watakuwa wanalia kwa maneno ya dakika tano nyuma. Vitufe vya G na H kwenye programu ya VLC husogeza manukuu yote kwa kiasi kimoja. Haviponyi kuchelewa kunakoongezeka. Pima hivi: angalia mstari wa kwanza wa mazungumzo, kisha ruka hadi wa mwisho. Wa kwanza ukikubali na wa mwisho ukikataa, usihangaike, tafuta faili lililotengenezwa kwa nakala ya urefu kama wako. Na usitarajie picha safi kama maji: negativu ya asili ya Tokyo Story, yaani mkanda wenyewe uliopigwa kwenye kamera, iliteketea kwa moto, na nakala za leo zimetokana na nakala nyingine.

Tafsiri ya Kiingereza, ambayo wengi wetu tunaitegemea, inapoteza kitu ambacho Kiswahili kingekibeba kirahisi. Noriko anawaita wakwe zake baba na mama; kwa Kiingereza inasikika kama adabu ya kupitiliza, kwetu ndivyo mkwe anavyoitwa. Wazee wanasema kwa lahaja ya kwao na wanaitikia kwa vineno vifupi vinavyorudiwa, mithili ya “aha”, “ndiyo ndiyo”, “haya”, ambavyo mfasiri huvifuta kuokoa nafasi. Visikilize kwa sikio. Ndimo wanamoficha huzuni.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuanza na Tokyo Story kwa sababu ilishika nafasi ya 1 kwenye kura ya waongozaji ya jarida la Sight & Sound mwaka 2012. Ni kama kumpa mgeni wa taarabu shairi refu kuliko yote siku ya kwanza. Anza na Good Morning ya 1959: dakika 94, ya rangi, wavulana wawili wanagoma kusema mpaka wanunuliwe runinga, na utani wa kujamba umejaa tele. Humo utajifunza kamera ya chini, shoti tupu na nyuso zinazotazama lenzi huku ukicheka. Kisha Late Spring, dakika 108. Ndipo Tokyo Story, usiku, kwa kikao kimoja, simu chumba kingine. Filamu zake za rangi ziko 6 tu, kuanzia Equinox Flower ya 1958. Alichagua mkanda wa kupigia picha wa kampuni ya Agfa kwa sababu alipenda nyekundu yake, na utaiona kwenye birika jekundu linalohamahama sakafuni. Usizitazame mfululizo wiki moja. Baba anaitwa Hirayama katika zaidi ya moja, waigizaji ni walewale, binti wa kuozwa ni yuleyule, zitachanganyika kichwani zote.

Nina ugomvi pia na wanaomfanya Ozu mtawa wa Kijapani asiyeeleweka na wageni. Wenye kampuni ya filamu aliyofanyia kazi waliamini hivyo, ndiyo maana Tokyo Story haikufika kumbi za New York mpaka 1972, miaka 9 baada ya yeye kufa. Mtu huyu alikuwa mlevi wa filamu za Marekani, za mwongozaji Ernst Lubitsch na mchekeshaji Harold Lloyd. Filamu zake bubu zina mabango ya Hollywood ukutani. Mwandishi mwenzake, Kogo Noda, alikuwa ameiona Make Way for Tomorrow ya Leo McCarey ya 1937, kuhusu wazee wasiopata pa kukaa kwa watoto wao, na Tokyo Story ikaanzia hapo.

Hizo filamu bubu ndizo zingepaswa kutufikia kwanza sisi. Japani haikutazama filamu bubu kwa ukimya: pembeni mwa skrini alisimama benshi, msimulizi aliyecheza sauti zote, akaeleza, akatania, na watu walilipa kiingilio kwa jina lake. Ni kazi ileile ya Lufufu na DJ Afro, ya vibanda umiza vya kwetu. Ozu alichelewa kuingia kwenye sauti hadi 1936. Kabla ya hapo, mwaka 1932, alitengeneza I Was Born, But..., kuhusu ndugu wawili wanaogundua kwamba baba yao hujifanya kichekesho mbele ya bosi, wakaamua kugoma kula. Picha ipo, nafasi ya msimulizi iko wazi, na kibanda chochote chenye DJ mwenye ulimi kinaweza kuionyesha kesho.