Onyo Halizuii Mimba

Binti wa shule anapopata ujauzito ambao hakuutarajia, mazungumzo ya watu wazima wanaomzunguka huelekea mahali pamoja: nani alimwonya, na kwa nini hakusikia. Mzazi ataapa kwamba alimkanya mara nyingi, mwalimu atakumbusha maneno aliyoyasema mbele ya darasa zima, na kiongozi wa dini atataja mahubiri yake. Kwa kawaida wote watatu husema kweli. Ninavyoona mimi, tatizo letu liko hapo hapo, kwa sababu karibu kinga yote tumeijenga juu ya onyo, na onyo, hata likitolewa kwa upendo, halimwelezi kijana afanye nini siku atakapojikuta katika hali ambayo hakuna aliyethubutu kuizungumza mbele yake.

Ukubwa wa jambo hili haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika nchi za kipato cha chini na cha kati walipata mimba zipatazo milioni 21, na karibu nusu yake hazikukusudiwa. Nyingi katika hizo zisizokusudiwa ziliishia katika kutolewa, mara nyingi kwa njia za hatari. Katika umri huo, matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana duniani.

Je, kutisha kunasaidia? Swali hili lilikwisha kupimwa, na majibu yake hayawafurahishi wapenda hotuba. Nchini Marekani, tathmini kubwa iliyoagizwa na bunge na kutolewa mwaka 2007 iliwafuatilia vijana waliopitia programu zilizofundisha kujizuia pekee, ikawalinganisha na wenzao ambao hawakuzipitia. Makundi hayo mawili yalianza ngono katika umri wa wastani uleule. Huko Australia Magharibi walijaribu njia nyingine ya kutia hofu, nayo ni kuwapa wasichana wa miaka 13 hadi 15 mwanasesere wa kielektroniki anayelia usiku, anayetaka kulishwa na kubembelezwa, ili wauonje mzigo wa kulea na waukimbie. Watafiti waliwafuatilia wasichana zaidi ya 2,800 hadi walipofika miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliobeba mwanasesere walipata mimba kwa wingi zaidi kuliko wasiombeba. Ukifikiri kidogo, hilo halishangazi sana. Msichana aliyekabidhiwa mwanasesere alionyeshwa tu kwamba mtoto ni kazi, jambo ambalo alilijua tangu alipoanza kubeba wadogo zake, na hata pengine alifurahia kuangaliwa na kusifiwa kwa malezi yake.

Tuangalie basi yale ambayo kijana huachwa bila kuyajua. Mfano mzuri ni hesabu ya siku salama, ambayo vijana hurithishana kwa kunong'onezana. Wengi huhesabu siku 14 tangu hedhi ilipoanza, wakaamini kwamba hiyo ndiyo siku ya hatari na nyingine zote ni salama. Kwa kweli yai hupevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na hedhi inayofuata haijulikani itakuja lini mpaka ije. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake haubadiliki, makadirio yanawezekana kwa uangalifu mkubwa. Kwa msichana aliyevunja ungo mwaka jana, ambaye mwezi huu mzunguko wake ni siku 24 na mwezi ujao ni siku 40, hesabu hiyo ni kamari. Tena mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo tendo la siku iliyodhaniwa kuwa salama linaweza kulikuta yai siku kadhaa baadaye. Na kwa kuwa yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajaona damu.

Ongeza hapo imani kwamba mara ya kwanza haishiki mimba, kwamba kujiosha haraka au kurukaruka huondoa hatari, na kwamba mwanamume akimwagia nje basi mambo yamekwisha. Hakuna hata moja lililo la kutegemewa. Waswahili husema mficha uchi hazai; katika jambo hili, tunaoficha habari ndio tunaozalisha.

Maarifa ya njia za uzazi wa mpango nayo huwafikia vijana vipande vipande. Katika matumizi ya kawaida ya watu, yaani pamoja na kusahau na kukosea, kati ya wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mzima wapatao 13 hushika mimba, na kati ya wanaotegemea vidonge vya kila siku hushika wapatao 7. Kwa kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, au kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, hushika chini ya mmoja. Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi: kijiti hakisahauliki, hakihitaji kufichwa kwenye begi, wala hakisubiri ridhaa ya mwanamume usiku huo. Kondomu hata hivyo inabaki na nafasi yake, kwa kuwa ndiyo inayokinga pia dhidi ya virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, na kijana akiweza kutumia kondomu pamoja na kijiti au kitanzi ni bora zaidi. Kuna pia vidonge vya dharura, ambavyo hufanya kazi kwa kuchelewesha kupevuka kwa yai. Vile vinavyopatikana kwa wingi humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi. Haviharibu mimba ambayo tayari imeshika.

Hofu ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wazazi ni ugumba: binti akitumia njia hizi kabla hajazaa, hatazaa tena. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, umri mdogo peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima mtu njia yoyote ya muda, wala kutowahi kuzaa si sababu. Kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya uzazi wa mpango huchelewesha kurudi huko kwa miezi kadhaa, na msichana anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla ya kuchagua, kama anavyostahili kuelezwa kwamba hedhi yake inaweza kubadilika. Asipoambiwa, damu ikivurugika ataogopa, ataacha, na atawasimulia rafiki zake.

Hata hivyo naamini kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye dirisha la huduma. Mchukue msichana wa miaka 17 ambaye amejikusanyia ujasiri wa kwenda kituo cha afya. Foleni ina kina mama wenye watoto, na pengine mmoja anamfahamu mama yake. Anapofika mbele, mhudumu anamuuliza kwa sauti inayosikika hadi kwenye mabenchi: "Wewe mtoto, umeolewa? Mama yako anajua uko hapa?" Msichana atajibu kwamba alifuata dawa ya kichwa, atapewa vidonge vya maumivu, na hatarudi. Katika takwimu za kituo hataonekana kama mtu aliyenyimwa huduma. Ataandikwa kuwa ametibiwa. Mhudumu huyo huenda ni mtu mwema ambaye angefadhaika kuona mwanawe akiuliza kitu kama hicho, lakini kazi yake pale dirishani si ulezi. Mafunzo ya wahudumu, chumba chenye mlango unaofungika na saa za jioni ambazo vijana wametoka shuleni huonekana kama mambo madogo ya kiutawala, na kwa maoni yangu yanazuia mimba nyingi kuliko kampeni ya mabango.

Upande wa pili wa mimba, yaani mwanamume, hatuutaji sana. Nchini Kenya, katika eneo la magharibi, utafiti wa mwanauchumi Pascale Dupas uliochapishwa mwaka 2011 ulichukua wasichana wa darasa la nane na kuwapa taarifa moja: kwamba wanaume wa umri mkubwa wana kiwango cha juu cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba katika kundi hilo zilipungua kwa asilimia 28. Kuwafunza walimu mtaala wa taifa wa wakati huo, uliosisitiza kujizuia hadi ndoa, hakukuleta upungufu wa namna hiyo. Somo hilo halikumwambia msichana awe mwema zaidi; lilimpa kigezo cha kumpimia mtu mzima mwenye pesa anayemsubiri njiani. Lakini pia tukiri kwamba mwanamume huyo ndiye anayepaswa kuzuiwa, na kwamba pale binti alipolazimishwa, hasa akiwa mdogo sana, mazungumzo yote ya kuchagua njia hayamhusu. Hapo panahitajika sheria inayotekelezwa na ndugu wasiokubali kuyamaliza nyumbani.

Wapo wanaoamini kwamba kuzungumza haya ni kuwafungulia vijana mlango wa ngono. Ningelikubali hoja hiyo kama ushahidi ungeiunga mkono, lakini tafiti zilizokusanywa kwa ajili ya mwongozo wa UNESCO wa elimu ya jinsia, uliotolewa mwaka 2009 na kuhuishwa mwaka 2018, hazikuona kwamba elimu kamili inaharakisha kuanza ngono wala kuizidisha. Na kusubiri bado ni chaguo zuri kabisa. Mtu anaweza kumweleza binti yake kwamba angependa asubiri, na katika mazungumzo yaleyale akamweleza kinga zilizopo. Vijana si wajinga kiasi cha kushindwa kuyabeba maneno mawili kwa pamoja.

Nchi zilizofanikiwa hazikutegemea kitu kimoja. Nchini England serikali ilianzisha mkakati wa miaka kumi mwaka 1999 uliounganisha elimu shuleni, huduma zilizofaa vijana, mafunzo kwa watumishi na msaada kwa wazazi wadogo, na kufikia mwaka 2014 kiwango cha mimba kwa walio chini ya miaka 18 kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu. Maeneo yaliyotekeleza vipengele vyote kwa bidii yalitangulia yale yaliyochagua viwili vitatu vilivyo rahisi. Nchini Marekani, wasichana 61.8 katika kila 1,000 wa miaka 15 hadi 19 walijifungua mwaka 1991. Mwaka 2021 walikuwa chini ya 15, na watafiti wanahusisha sehemu kubwa ya upungufu huo na matumizi bora ya njia za uzazi wa mpango.

Yuko mtu mmoja ambaye mipango mingi humsahau kabisa, naye ni msichana aliyekwisha kujifungua. Kwa kuwa jamii imeshamhesabu kama aliyeanguka, hakuna anayeona haja ya kumkinga, na mimba ya pili humkuta kabla hajarudi darasani. Yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi yake ya kwanza baada ya uzazi, hivyo kumwambia asubiri hedhi ndipo aje kliniki ni kumchelewesha. Kijiti kinaweza kuwekwa akiwa bado wodini, hata kama ananyonyesha, na kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Huduma hiyo inapaswa kuelezwa kwake wakati wa kliniki ya wajawazito, akiwa na muda wa kuuliza na kukataa, ili siku ya kujifungua awe tayari ana jibu lake mwenyewe.