Januari Ikikuzidi, Anza na Kinachooza

Januari huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania haina huruma. Mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba yanadai mbolea ya kukuzia, shule zinafunguliwa na watoto wanataka sare na madaftari, kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kinasubiri hesabu. Mara nyingi mkulima, mzazi, mweka hazina na mwenye genge pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ni mtu yuleyule mmoja. Lazima kitu kimponyoke. Shida naiona kwenye kinachofuata: tunakimbilia kurekebisha kinachotutia aibu, tunaacha kinachoharibika.

Chukua mtu ambaye mbolea imemchelewa, fedha za kikundi zimepungua shilingi 27,000 kuliko daftari linavyosema, na kikao cha wazazi kimempita. Wengi wataanza na daftari, kwa kuogopa midomo ya watu. Mimi nasema aanze shambani. Daftari litakuwepo kesho. Mahindi yakishatoa mbelewele, yale maua ya juu, mbolea unayoweka haikurudishii kitu cha maana. Wakati wake ni mmea ukifika magotini. Kwenye baridi ya Makete hukua taratibu kuliko kwenye joto la Usangu, kwa hiyo tazama mmea kabla ya kalenda. Palilia kwanza, usije ukalisha magugu. Weka urea, ndiyo mbolea yenyewe ya kukuzia, udongo ukiwa na unyevu, kando kidogo ya shina, kisha ifukie, maana ikibaki juu sehemu ya nitrojeni yake hupotea hewani. Na usizidishe kipimo ili kufidia siku zilizopita. Siku hazirudi, na urea nyingi ikigusa mmea huuunguza.

Jioni ndipo ufungue daftari. Pengo likigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: aliyechanga 14,000 ameandikiwa 41,000, na hiyo ndiyo 27,000 yako. Lisipogawanyika, chukua nusu yake uitafute, huenda malipo yameandikwa upande wa mapato. Usipoiona, hesabu fedha upya mbele ya mtu wa pili. Ukilipata kosa, usifute. Piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, weka tarehe, wasaini wawili.

Kibaya kuliko vyote ni kuziba pengo kimyakimya kwa pesa ya mfukoni. Kama kosa lilikuwa la kalamu tu, siku likigundulika sanduku litakuwa na fedha za ziada zisizo na maelezo, na hapo hata mweka hazina mwaminifu anaanza kutiliwa shaka. Mwambie mwenyekiti siku hiyohiyo, hata kabla hujapata jibu.

Namna ya kumwambia nayo ina uzito. Taja kilichotokea, ulichokwisha kufanya, na siku utakayomaliza. Basi. Ukianza kueleza ulivyobanwa na shamba na shule, msikilizaji anasikia kwamba jambo lake ulilipanga mwisho. Kama uliyemkosea ni mtu mzima kwako, mfuate kwake, umpe shikamoo, ndipo useme. Ujumbe wa simu kwa mzee unaongeza kosa la pili. Kikao cha wazazi hakihitaji mengi: nenda kwa mwalimu wa darasa, uliza yaliyoamuliwa na mchango unaodaiwa.

Halafu watu wema huharibu hapa: kwa kutaka kusafisha jina wanapokea kazi mpya, wanaongoza na kamati ya harusi. Fanya kinyume chake. Kwa wiki mbili punguza jukumu moja, ulikabidhi kwa mtu mnayekubaliana, mbele ya wenzenu, na tarehe ya kulirudisha itajwe.

Mwisho tafuta chanzo. Mbolea ikichelewa kila mwaka, sababu kwa kawaida ni kwamba pesa yake inagombaniwa na sare za shule. Nunua urea Novemba, pamoja na ya kupandia, wakati pesa ya mavuno bado ipo. Mfuko uupange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ukishafunguliwa ufungwe vizuri, kwani urea hunyonya unyevu na kugandamana.