Mfuniko Unaocheza

Kuanzia Mei mpaka Novemba mimi hula vumbi bila kulalamika. Linakaa kwenye mito ya kulalia, linaingia kwenye simu, mpaka mlenda unakwaruza menoni. Maji ya kuoshea vyombo nayatumia tena kupigia deki, ya deki namwagia mpapai. Basi hapa Dodoma, Desemba wingu likitanda upande wa Chamwino, mtu mzima natoka na kaptula kupokea mvua kama mgeni wa harusi.

Furaha hiyo hudumu dakika ishirini. Halafu mfuniko wa chemba ya majitaka unaanza kucheza.

Kwanza unagongagonga, ka, ka, ka, kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Kisha unanyanyuka upande mmoja, na kinachochungulia pale chini sikitaji kwa heshima ya mnaosoma mkila. Wiki iliyopita ulitoka mswaki wa kijani. Nyumbani kwangu hakuna mwenye mswaki wa kijani. Nimeita familia nzima sebuleni, nimekagua mmoja mmoja.

Lawama ninazo za kutosha, msiwe na wasiwasi. Kuna wanaotupa pampasi chooni. Kuna wa ng'ambo ya korongo, mvua ikinyesha usiku wanatapisha choo, asubuhi wanatusalimia kwa uso mkavu. Mtaro wa barabarani umejaa mchanga na chupa, mbuzi wanaupita bila kuruka. Nikapiga simu panapohusika, nikapewa namba ya taarifa ndefu kuliko ya kitambulisho cha taifa. Ninayo bado. Nimeihifadhi vizuri.

Hatimaye mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, na akaletwa mhandisi. Kijana mdogo, raba nyeupe. Nikajisemea, mtu wa majitaka mwenye raba nyeupe hiyo kazi haijui.

Nikanyoosha mkono wa kwanza. "Kijana wangu, mlichimba bomba jembamba. Mji una watu 765,179 kwa sensa ya 2022, mnatuwekea mrija wa soda!"

Watu wakapiga makofi. Nikakaa kwa madaha.

"Shikamoo mzee wangu," akasema. "Bomba lile ni la majitaka peke yake. Mvua haikualikwa."

Akaeleza kwamba miji inapangwa kwa namna mbili. Kuna inayochanganya mvua na majitaka bomba moja, kama London ya kale, ambako baada ya uvundo wa mwaka 1858 kuwafukuza wabunge ukumbini walijenga mabomba makubwa, na juzijuzi imebidi wachimbe handaki la kilomita 25 kwa sababu mvua ikizidi yale ya kale yalikuwa yanatapika mtoni Thames. Namna ya pili ni kutenganisha: mvua iende mtaroni, choo kiende bombani. Ndiyo ya kwetu. Mimi nikawa nimeganda kwa wale wabunge, nikitamani kujua walikimbilia wapi.

Mama mmoja akauliza kwa nini mitaro isijengwe mikubwa tu, yaishe. Akajibiwa kwamba mtaro unapimwa kwa mvua, tuseme mvua ya miaka kumi.

Nikarukia. "Ya miaka kumi si imenyesha mwaka jana? Basi tumepumzika miaka tisa."

"Hapana mzee. Maana yake kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi. Ikinyesha mwaka huu, mwakani nafasi ni ileile."

Yaani mvua haina kumbukumbu. Kama mtu ninayemdai.

Na tukilinganisha na zamani, akasema, maji yanafika bondeni haraka zaidi. Tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016 tumejenga usiku na mchana. Palipokuwa na mchanga wa kunywa mvua pana bati na pevingi. Mvua yetu ya mwaka mzima haifiki hata milimita 700, ila ikishuka inashuka kwa hasira, yote kwa miezi michache.

Hapo ndipo alipotoa chaki. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 60 kwa saa: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo lita 7,200 kwa saa, yaani lita 2 kila sekunde. Bomba la inchi sita, mteremko wa mita moja kwa kila mita mia, likijaa linapitisha kama lita 15 kwa sekunde. "Kwa hiyo nyumba nane tu zikiunganisha gata zao kwenye chemba, bomba limekwisha. Hata kabla mtu hajavuta maji chooni."

Kimya. Nikahisi jasho la mgongoni. Familia yangu ya watu sita, tukijitahidi sana, tunamwaga madumu 24 ya lita ishirini kwa siku. Paa langu linamwaga hayo kwa dakika nne. Na gata yangu, nilimlipa fundi mwenyewe, tena kwa mkono wangu nikamwonyesha: ipitishe hapo chembani, isinitie tope uani.

"Kuna mwenye swali?" akauliza kijana.

Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Saa tano usiku mvua ikarudi. Nikajitanda turubai, simu mdomoni iwe tochi, msumeno wa chuma mkononi, nikaenda kukata kiwiko cha bomba la gata. Nimefika nusu nikasikia krii, krii, upande wa pili wa ukuta. Nikapanda ndoo, nikachungulia. Jirani yangu mstaafu, ambaye mkutanoni alipiga makofi kuliko wote, amechuchumaa na koti la suti juu ya pajama, anakata la kwake.

Tukamulikana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujalala?"

"Nakagua maua."

"Hata mimi."

Hatuna maua, si yeye si mimi. Akapangusa uso, akasema msumeno wake umekwisha meno, nikampitishia wangu juu ya ukuta. Alipomaliza akaurudisha, akasitasita kidogo.

"Samahani baba. Hapo kwako chini, hamkuokota mswaki? Wa kijani?"