Thabeet kwa Battier: Hesabu ya Michezo 36

Februari 24, 2011, siku ya mwisho ya timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kubadilishana wachezaji msimu ule, Memphis Grizzlies walimtoa Hasheem Thabeet kwenda Houston Rockets. Wakamwongezea DeMarre Carroll, na juu yake chaguo la raundi ya kwanza la drafti ya baadaye, yaani zamu ya kuchagua mchezaji mpya katika mgao wa kila mwaka. Walichopata ni Shane Battier, mwenye miaka 32, na Ish Smith, kinda aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye ligi.

Sisi tuliokuwa tukimfuatilia Thabeet kutoka huku nyumbani, iliuma. Kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Miezi 20 tu nyuma jina lake lilitajwa la pili katika drafti nzima ya 2009. Leo anatolewa, tena na nyongeza, kwa ajili ya mkongwe anayefunga pointi zisizofika 10 kwa mchezo. Nimeirudia hesabu ile kwa miaka mingi, na kila nikiirudia naiona tofauti kidogo na nilivyoiona siku ile.

Upande wa chipukizi una hoja nzito, na takwimu ninayoishika zaidi ni hii. Msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13, akawa na bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 1.3 kwa mchezo. Gawanya: bloku moja kila dakika 10. Msimu huohuo aliyeongoza ligi kwa bloku ni Dwight Howard, aliyekuwa na 2.8 kwa mchezo, lakini kwa dakika karibu 35, yaani moja kila dakika 12 na nusu. Sisemi Thabeet alikuwa sawa na Howard. Mtu wa dakika 13 anaweza kurukia kila mpira bila kuogopa faulo, na anakutana zaidi na wachezaji wa benchi. Nasema tu kwamba wanaodai hakuwa na kitu hawajazitazama namba. Kitu kilikuwepo. Hata hivyo, Februari 2010 alishushwa ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards, na kabla yake hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa.

Mwongeze Carroll, ambaye siku ile alihesabiwa kama chenji. Alikuja kuwa mchezaji wa kuanza katika Atlanta Hawks iliyoshinda michezo 60 msimu wa 2014-15, kisha Toronto wakampa mkataba wa dola milioni 60. Battier yeye alichezea Memphis michezo 23 ya ligi na 13 ya mtoano, na Desemba akaenda zake Miami. Vijana wawili na chaguo la drafti, kwa michezo 36! Ukiiweka hivyo kwenye karatasi, unaona timu iliyouza shamba ili inunue gunia la mahindi.

Ila karatasi ile ina ukurasa wa nyuma, na unaanzia mwaka 2006.

Battier hakuwa mgeni Memphis. Alichaguliwa wa 6 katika drafti ya 2001, mwaka ambao timu ilihama kutoka Vancouver, na akakaa misimu mitano. Msimu wa 2005-06 Grizzlies walishinda michezo 49. Juni 2006 wakamtoa kwenda Houston na kumchukua Rudy Gay, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiruka kama ana mabawa, pamoja na Stromile Swift. Kwa kipaji kitupu, hakuna ubishi nani alipata zaidi. Gay alikuja kuwa mfungaji wa kweli. Msimu uliofuata Memphis walishinda 22. Uliofuata, 22. Uliofuata, 24.

Kutoka 49 hadi 22. Najua majibu. Pau Gasol, nyota wa timu, alivunjika mguu akiichezea Hispania kiangazi kile na akakosa mwanzo wa msimu. Kocha akafukuzwa katikati. Februari 2008 Gasol mwenyewe akauzwa Lakers. Houston nao walipanda kutoka ushindi 34 hadi 52, lakini pale pia nyota wao, Yao Ming na Tracy McGrady, walikuwa wametoka kwenye msimu wa majeraha. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema Battier ana thamani ya ushindi 27. Hakuna mchezaji wa pembeni mwenye thamani hiyo. Kinachonishughulisha ni kitu kingine: Memphis walimtoa mtu aliyekuwa akifanya kazi fulani, na kwa kuwa kazi ile haiandikwi kwenye jedwali la mchezo, hawakuweka mtu wa kuifanya. Pointi zake zilirudi kupitia Gay, na zaidi. Kazi yake haikurudi.

Kazi gani? Mtazame Battier akimkaba Kobe Bryant, nyota wa Lakers. Haruki kuupiga mpira. Anasogea hatua nusu, anamsukumia Kobe upande asioupenda, anamwachia ule mtupo mrefu wa pointi mbili ambao Houston walikuwa wameshauhesabu kwamba ndio wenye faida ndogo kuliko yote. Kisha, Kobe anapoachia mpira, Battier anaweka kiganja wazi mbele ya macho yake. Mpira hauguswi, faulo haipo. Kobe anatupa bila kuona ringi. Ukimaliza kutazama unasema hakufanya lolote, na ndivyo jedwali linavyosema pia: hakuna bloku, hakuna mpira ulioibwa. Houston waliishia kumpima kwa njia nyingine, tofauti ya pointi timu ikiwa naye uwanjani na ikiwa bila yeye, na hapo ndipo alipoonekana.

Aliyewahi kucheza kikapu jioni kwenye uwanja wa saruji anamjua mtu huyu. Yule kaka mkubwa mwenye goti lililofungwa bandeji, asiyeruka tena, anayechaguliwa mapema kuliko vijana wawili wanaodanki. Anapiga kelele "kulia, kulia!" kabla skrini, yule mpinzani anayesimama kumzibia njia mkabaji, haijafika. Kijana anageuka na kumkuta mpinzani ameshafika pale alipoambiwa. Timu yake inabaki uwanjani mechi nne mfululizo, na wanaosubiri nje wanashindwa kueleza kwa nini.

Hii si hoja ya "penye wazee haliharibiki neno". Wazee wanaharibu sana. Mwaka 2013 Brooklyn Nets waliipa Boston chaguo tatu za raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nyingine, ili wawapate Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, 35. Msimu ule walivuka raundi moja tu ya mtoano. Boston wakajipatia Jaylen Brown kwa chaguo mojawapo, na kwa ile haki ya kubadilishana wakafika kwa Jayson Tatum, wawili walioshika ubingwa wa 2024. Brooklyn walinunua majina. Kilichowafaa Pierce na Garnett ni Boston yao ya 2008, ile ya ubingwa, na Boston ile haikuwepo dukani. Kumpata mkongwe ni jambo moja. Mkongwe anayekaa pale ambapo kikosi chako kina tundu ni jambo jingine kabisa, na kwenye mabishano yetu mambo haya mawili huchanganywa kila siku.

Tundu la Memphis mwaka 2011 lilijulikana hadi upande na namba. Katikati ya Februari Gay aliteguka bega la kushoto, na msimu wake ukaishia hapo. Nafasi iliyobaki wazi ni ileile aliyoichukua kwa Battier mwaka 2006.

Aprili 17, San Antonio, mchezo wa kwanza. Spurs wameshinda 61 na ni wa kwanza kanda ya Magharibi. Memphis ni wa nane, na katika historia yao yote ya mtoano wamecheza michezo 12 na kupoteza 12. Battier mwenyewe alikuwemo kwenye vipigo vyote 12, kati ya 2004 na 2006. Zach Randolph ana pointi 25, Marc Gasol, mdogo wake Pau, ana 24, na bado zikiwa zimebaki sekunde kama 24 Spurs wako mbele. Mpira unamfikia Battier nje ya mstari. Anatupa bila kusita, unaingia, pointi tatu. Memphis wanaongoza na hawarudi nyuma: 101 kwa 98. Wakamaliza mfululizo ule 4-2. Ilikuwa mara ya 4 tu katika historia ya NBA timu ya nane kuing'oa ya kwanza.

Watu hukumbuka mtupo. Mimi nakumbuka kwamba Battier alitokea benchi. Aliyeanza katika nafasi ya Gay ni Sam Young, msimu wake wa pili, naye wa drafti ya 2009. Mkongwe hakumnyang'anya kijana kazi. Aliibeba pale mchezo ulipokuwa mzito na kumwachia sehemu anayoimudu. Mike Conley alikuwa na miaka 23 na bado alikuwa akitiliwa shaka. Gasol alikuwa na 26. Kuzunguka wawili hao waliwekwa Randolph, Tony Allen na Battier, watu ambao kila mmoja alishajua anachoweza na asichoweza. Msimu ule ndio ulioanzisha miaka saba mfululizo ya Memphis kwenye mtoano, ukiwemo wa 2013 walipofika fainali ya kanda, na Battier alikuwa ameshaondoka zamani. Anayehesabu michezo 36 peke yake anauacha mzigo huu nje ya mizani.

Kuna mahali upande wa pili unanibana, nami nakiri. Nusu fainali ya kanda, Memphis walitolewa na Oklahoma City Thunder kwa michezo saba. Kevin Durant na Russell Westbrook, miaka 22. Serge Ibaka, miaka 21. Na James Harden, 21, aliyeitwa wa tatu katika drafti ya 2009, mara tu baada ya Thabeet. Vijana watupu, na walishinda. Lakini Thunder haohao, siku ileile ya Februari 24, walimtoa Jeff Green, kipaji chao cha miaka 24, wakamleta Kendrick Perkins kutoka Boston aje aweke mwili chini ya ringi. Hata waliokuwa na hazina ya vipaji waliona kuna kazi isiyo na mwenyewe.

Kosa la Memphis naliona Juni 2009. Nafasi anayochezea Harden tayari ilikuwa na O. J. Mayo, kwa hiyo kipaji kikubwa kikapita mbele yao. Wakamchukua senta mbichi, halafu mwezi uliofuata wakamleta Randolph, miaka 28, juu ya Gasol wa miaka 24. Thabeet alifika akakuta mlango wa chumba chake umefungwa. Kijana aliyeanza mchezo na miaka 15 anahitaji dakika za kukosea, nyingi sana, na timu ile ilikuwa imeanza kutaka ushindi. Tunasema kufaa ni suala la wakongwe na kipaji ni suala la chipukizi. Naona kinyume. Battier angefaa karibu timu yoyote, kwa sababu alijijua. Chipukizi bado hajijui, ndiyo maana mahali anapowekwa panaamua karibu kila kitu.

Houston walimchezesha Thabeet michezo 7 katika misimu miwili. Portland, 15. Kisha, msimu wa 2012-13, akatua Oklahoma nyuma ya Perkins na mkongwe mwingine, Nick Collison. Aliombwa machache: weka skrini, linda ringi, tumia faulo zako vizuri, mpira ukikufikia karibu maliza. Alicheza michezo 66 katika timu iliyoshinda 60, kwa wastani wa dakika karibu 12, na asilimia 60 ya mitupo yake iliingia.